Salamu kwa Sanamu

Nafasi ya muuguzi ilikuwa moja tu, na walioitaka walijaza benchi mpaka wengine wakaegemea ukuta. Sista Pole aliketi wima katikati yao, viatu vinang'aa. Jina hilo alipewa na wenzake wa hospitali ya zamani, maana hakumchoma mgonjwa sindano bila kumwambia pole, hata awe hajijui hajitambui. Wodi ya mahututi ya huko aliiacha mwenyewe, amrudie mama yake aliyepooza upande mmoja. Sasa akikosa kazi hapa, itabidi arudi kule kule mbali, mama abaki mikononi mwa majirani. Wazo hilo lilimkata maini.

“Nenda kawaonyeshe,” mama alimwambia asubuhi. “Na usijikunyate. Mimi sikuzaa konokono.”

Ndani alimkuta matroni, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi, saa mkononi. Kitandani alilazwa mzee wa mpira, sanamu la mazoezi, mrija wa kupumulia mdomoni.

“Mvute makohozi,” matroni akasema.

Sista Pole akanawa, akavaa glavu, akainama kwenye sikio la mpira. “Shikamoo baba. Mimi ndiye muuguzi wako. Nakuvuta makohozi, utakohoa kidogo. Pole, eh?”

Makarani wawili mlangoni wakaangua kicheko. Yeye hata hakugeuka. Akampa oksijeni, akaingiza mrija mwembamba, akavuta, akautoa, akatazama kifua kinavyopanda. Mikono ilijua njia.

“Kazi safi,” matroni akasema. “Ila porojo zinakula muda. Rudia, kimya kimya.”

Akinyamaza tu, kazi ni yake. Kwani mpira utamshtaki kwa nani?

“Nitarudia hata mara kumi, matroni, lakini salamu haitoki. Mama yangu alilala siku nyingi bila kufumbua jicho. Alipoamka alinitajia nani alimsemesha, na nani alimgeuza kama gunia. Mkinichukua, mnichukue na mdomo wangu.”

Loo! Makarani wakameza kicheko. Matroni akamkazia macho, kisha akavua saa na kuitia mfukoni.

“Haya, twende kwa wa kweli.”

Wodini alilala mzee, macho yamefungwa, mashine inampumulia. Alitakiwa kugeuzwa. Matroni akashika shuka upande wake, Sista Pole upande wa pili.

“Vuta,” matroni akaamuru.

Sista Pole hakuvuta. “Bado hatujamwambia, matroni. Na wewe ndiye mwenyeji wake.”

Matroni akakohoa. Akatazama huku na huku, kisha akainama taratibu. “Shikamoo baba,” akasema. “Tunakugeuza. Pole.”

Ndipo wakamgeuza.

“Jumatatu, saa moja asubuhi,” matroni akasema akinyoosha shuka. “Na usinichelewee.”

Nyumbani mama alikuwa macho, anamsubiri. Hakuuliza habari ya kazi.

“Ulijikunyata?”

“Hata kidogo, mama.”

“Haya, sasa nigeuze,” mama akasema, akitabasamu kwa upande mmoja.

“Shikamoo mama,” alianza Sista Pole, na machozi yakamtoka kwa fahari.