Kijani cha Majivu

Mke ndiye aliyefinyanga, mume ndiye aliyepaka rangi. Ndivyo walivyoishi tangu waoane, na majirani wakambandika mume jina la Majivu, maana hakupita penye moto uliozimika bila kuinama kuzoa majivu. Ufundi huo aliupata ujanani kwa mwalimu Mjapani: majivu ya mti huchekechwa, yakachanganywa na udongo mweupe na maji, mtungi ukapakwa, na tanurini yakayeyuka yakawa kioo cha kijani kinachotiririka mabegani mwa mtungi. Majivu ya mti gani, hakuwahi kusema.

"Nikikwambia utaniacha," alikuwa akimtania mkewe.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, na katika maneno yote ya dunia likambakia moja tu: sawa.

Mkewe akafinyanga mtungi mkubwa wenye kifuniko, mzuri kuliko yote aliyopata kufinyanga. Halafu akamletea mumewe vibakuli vya majivu kitandani.

"Baba watoto, ni haya ya mkaratusi?"

"Sawa."

"Au haya ya msonobari?"

"Sawa."

"Hayawezi kuwa yote mawili."

"Sawa," alisema mume, jasho likimtoka kwa kujikamua neno jingine.

Basi mke akabahatisha, akaupaka mtungi na kuuchoma. Tanuri lilipopoa, mdogo wake alikuja kumsaidia kulifungua. Mtungi ulikuwa mzima, lakini rangi ilikuwa ya matope, yenye malengelenge kama ngozi iliyobabuka.

"Mfinyanzi hulia gaeni, dada," mdogo mtu alijaribu kumchekesha. "Huu tutawekea chumvi ya jikoni."

Hakucheka. Aliubeba mtungi hadi kitandani kwa mumewe. Majivu akaupapasa kwa mkono wa kushoto, akafika penye malengelenge, akauondoa mkono upesi. Alijua. Mti, kipimo, moto, vyote vilikuwa bado mle kichwani, na mlango umefungwa kwa nje. Akageukia ukutani, mabega yakitikisika.

Mkewe angeweza kujaribu mti mwingine, na mwingine tena. Miti haijaisha duniani. Lakini ule uso alikwisha kuuona, na moyo wa kuuona mara ya pili hakuwa nao. Alimfunika shuka, akatoka uani, akaziba mdomo wa tanuri kwa matofali. Udongo uliobaki kwenye pipa aliuacha wazi ukauke.

Mdogo wake alimuuliza wapike nini.

"Chochote," alisema, akaketi kizingitini.