Kanga Juu ya Kamera

Majirani wa Katandala walimtania Raymond kwamba nyumba yake ina akili kumshinda mwenyewe. Taa na kitasa vilitii simu yake, na sebuleni kulikuwa na kamera yenye kusikia na kusema. Lakini mama mkwe wake, Mama Epifania, alipokuja kutoka Pito kulea mjukuu, aliifunika kwa kanga. Mkwe amchungulie akiwa amejinyoosha mkekani? Haiwezekani! Raymond hakubisha, mbele ya mkwe hata macho huinamishwa.

Alasiri hiyo ya Julai upepo ulikata masikio. Mkewe, Redempta, alikuwa Kaengesa kwenye mkutano wa walimu. Raymond, akiwa dukani kwake, akafungua simu asikilize nyumbani. Picha ilikuwa kanga tupu, mtoto analia, bibi anabembeleza: "Nyamaza, baba. Nimekuingizia jiko la mkaa, na madirisha nimefunga."

Mteja akaingia, akanunua, akapiga soga, akaondoka. Raymond aliporudi kwenye simu alikuta kimya. Si kilio, si kubembeleza. Ndipo akili ikamjia: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa! Mkaa huua watu wakiwa usingizini.

"Mama! Toa jiko nje!" alipiga kelele kwenye simu. Akabonyeza kufungua mlango, akampigia jirani yake, Hellena, awahi kuingia.

"Kitasa kimeachia, shemeji, ila mlango hausogei! Ameweka komeo kwa ndani!"

Mama Epifania hakuamini mlango unaojifungua wenyewe, na nani amlaumu?

Bodaboda ilimfikisha nyumbani roho mkononi. Akavunja dirisha kwa tofali, akaruka ndani, akafyatua komeo, akamkabidhi Hellena mtoto. Akarudi. Mbele ya mkeka miguu ikasita: mama mkwe haguswi. Heshima gani hiyo, na mtu anakufa! Akamkumbatia, akamburuta hadi barazani.

Upepo ukamzindua bibi. "Mtoto?" aliuliza.

Hellena alikuwa akimsugua mtoto nyayo, anamwomba Mungu kwa sauti, na mtoto amelegea. Raymond aliogopa hata kutazama. Kikaja kikohozi kidogo, kisha kilio.

Mama Epifania akamshika mkwewe mkono, machozi yakimtiririka.

"Miguu yake ilikuwa ya baridi, mwanangu," alisema. "Niliogopa baridi tu."