Turbo ya Baba, Konvata ya Kaka

Walimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jina lilibaki, maneno yakaisha. Alipokuwa mtu mzima na dereva wa gari la mashindano la baba yake, hapakuwa na mtu mkimya kumshinda katika nyumba ile, na chanzo cha ukimya huo kilikuwa ukuta wa mabati.

Ukuta ulikata ua katikati. Upande mmoja ilikuwa gereji ya baba yao, ambaye mjini walimwita Mzee Upepo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa turbo, zile feni zinazozungushwa na moshi wa injini ili ziisukumie injini hewa zaidi. Upande wa pili ilikuwa karakana ya kaka yake mkubwa, Fundi Gia, aliyezijua giaboksi za otomatiki kama vidole vyake. Zamani ilikuwa gereji moja. Mama yao alipofariki, baba na mwana walikwaruzana, yakasemwa maneno yasiyomezeka, na kaka akanunua mabati. Tangu hapo salamu zilikatika. Chumba cha Chiriku kilikuwa mwisho wa ua, mlango ukitazamana na ncha ya ukuta, na kila asubuhi alisimama kizingitini asijue aamkie upande gani kwanza. Akianza kwa kaka, chai ya baba inapoa bila kuguswa. Akianza kwa baba, kaka anaitikia kwa mgongo.

Gari, hata hivyo, halikujali ugomvi wa watu. Lilikuwa gari la kukimbia mstari ulionyooka, mawili kwa mawili, na ushindi wa mbio za namna hiyo hupatikana au hupotea pale mwanzoni taa inapowaka kijani. Ili liondoke vizuri, turbo ya baba ilibidi ielewane na konvata ya kaka. Konvata ni chombo cha duara, mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, kimejaa oili, nacho hukaa kati ya injini na giaboksi. Dereva akiwa mstarini, mguu mmoja kwenye breki na mwingine kwenye mafuta, konvata ndiyo inayoamua injini ipande hadi mizunguko mingapi kwa dakika. Ikiwa ngumu, injini inagota chini. Ikiwa legevu, injini inapanda, lakini nguvu nyingi inaishia kuchemsha oili. Na turbo nayo ina mahali pake pa kuamka. Chini ya hapo imelala fofofo.

Mwaka ule Mzee Upepo alifunga turbo kubwa kuliko ile ya zamani, akamkataza bintiye asimwambie kaka yake. Yule akijua, alisema, atapata la kunicheka. Chiriku akaitikia. Siku chache baadaye akaipeleka konvata kwa kaka ikarekebishwe, maana mjini hapakuwa na mwingine wa kuikata na kuichomelea tena, na baba alijifanya hajui inakokwenda. Kaka akauliza kama turbo ni ileile. Chiriku akasema ni ileile.

Siku ya mashindano walimfunga mikanda mpaka kifua kikambana, kofia ngumu kichwani, wavu dirishani. Akakanyaga breki, akakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda hadi elfu tatu ukagoma. Injini ilinguruma, bati lote likatetemeka, turbo kimya. Alikuwa ndani ya ule mtetemo kama panya ndani ya debe linalopigwa. Taa ikawa kijani, mwenzake akachomoka kama aliyerushwa kwa manati, yeye akajikongoja kama lori la mchanga. Halafu, katikati ya njia, mshale ulipovuka elfu nne na nusu, turbo ikaamka kwa mpigo. Matairi ya nyuma yakaiachia lami, mkia ukaanza kuutafuta ukuta wa zege. Akaondoa mguu, akaung'ang'ania usukani, gari likanyooka akiwa karibu kiasi cha kuziona nyufa za ule ukuta.

Baba akasema dereva ameingiwa na woga. Kisha akamtuma, “Mwambie fundi wako konvata yake ni ngumu kama moyo wake.” Kaka naye, alipofikishiwa, akajibu aambiwe mzee kwamba injini yake haina pumzi. Chiriku aliyabeba maneno hayo kwenda na kurudi, akiyapunguza makali njiani. Jambo moja tu lilimshangaza. Kaka aliuliza mara mbili kama gari lilitoka taratibu, na aliposikia ndiyo, uso wake ulitulia kama wa mtu aliyepokea habari njema.

Mbio mbili zaidi zikaenda vilevile. Chiriku akaanza kuamka na jasho kabla hata hajalikaribia gari. Alifikiria kuacha. Lakini akiacha, baba, ambaye mgongo wake haukumruhusu tena kukaa kwenye kiti kile, angesema kaka ndiye aliyemshawishi, na ukuta ungeongezwa urefu. Huku moto, kule maji, naye katikati hana hata pa kuweka mguu.

Mwishowe akaishusha konvata mwenyewe, akaipeleka kwa kaka, akasimama pale pale wakati mashine ya kukereza ikiikata. Zile sufuria mbili zilipoachana, aliona sababu. Mapanga ya ndani, yale yanayosukuma oili, yalikuwa yamepindwa moja baada ya jingine, kwa kipimo kimoja, kwa mkono uliotulia. Aliijua kazi ya mkono ule. Haikuwa bahati mbaya.

“Kaka,” alisema, “umeikaza makusudi.”

Kaka akazima mashine. Alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa, kisha akamweleza. Mwaka uliotangulia, Chiriku alipougonga ukuta wa zege mashindanoni na mguu wake ukanaswa chini ya dashibodi, yeye alikuwepo. Alikuwa nyuma ya uzio, katikati ya watu. Aliona wanavyokata mlango wa gari ili kumtoa, na hakuvuka, kwa kuwa baba alikuwa pale. Tangu siku hiyo usingizi ulimpotea. Baba hazuiliki, basi akaona alizuie gari.

“Nilitaka uondoke polepole, mdogo wangu. Basi.”

Chiriku alikaa juu ya kreti ya vyuma chakavu. Baba alimfunga kwenye kiti, kaka alilifunga gari, kila mmoja kwa kumpenda, kila mmoja nyuma ya mgongo wa mwenzake. Na kufuli la tatu alilitia yeye mwenyewe, kwa kunyamaza.

“Turbo siyo ileile,” akasema. “Baba ameweka kubwa. Nilikudanganya.”

Kaka hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na rangi ikamtoka. Mtu wa kazi ile hakuhitaji kuchorewa. Chiriku alimchorea hata hivyo, ili limuingie.

“Turbo ingeamka mwanzoni, ningekuwa na breki mguuni na njia nzima mbele yangu. Wewe ukauhamishia mshindo wake katikati ya njia, mahali ambapo sina pa kurudi.”

Hakungoja jibu. Alirudi upande wa baba, akaifungua turbo kwenye injini, akaibeba kifuani kama mtoto aliyelala, akaenda kuilaza kwenye meza ya kaka, kando ya konvata. Kisha akamfuata baba alikokuwa anakunywa chai, akamwambia ilipo. Mzee akauliza nani amempa ruhusa.

“Nimejipa. Ukiitaka, ifuate. Mimi sibebi tena kitu wala neno.”

Mzee Upepo aliimaliza chai yake, akanyanyuka akishika kiuno. Ukuta ule haukuwa na mlango, kwa hiyo ilimbidi atoke hadi barabarani, azunguke mbele ya macho ya majirani, aingie kwa geti la mwanawe kama mteja. Chiriku alibaki upande huu, sikio kwenye bati. Kwa muda alisikia vyuma tu vikisogezwa. Kisha baba akaguna kuhusu yale mapanga. Kaka akauliza turbo inaamkia wapi. Elfu nne na nusu, baba akasema. Kaka akasema ataifungua konvata ifike hapo na zaidi kidogo. Baba akasema oili itachemka. Kaka akasema ataiongezea rejeta yake ya kuipoza. Wakabishana juu ya rejeta, wakakubaliana.

“Ulikuwepo siku ile?” baba akauliza.

“Nilikuwepo.”

“Ungevuka, mwanangu.”

Chiriku aliziba mdomo kwa mkono wote.

Mashindano yaliyofuata mshale ulipanda bila kugota. Turbo ikaanza kupiga mluzi akiwa bado amekanyaga breki, na gari likainama kwa uchu. Kijani. Alisukumwa ndani ya kiti, pumzi ikamkatika, njia ikaja yote kwa pamoja, imenyooka. Alishinda, na mkia haukuyumba hata mara moja.

Aliporudi, baba na kaka walikuwa wameegemea boneti la gari lililoegeshwa kando, vichwa vimegusana. Chiriku alisimamisha gari, akangoja mtu aje kumfungulia wavu. Hawakuja. Aliwasikia. Walikuwa wakipanga turbo nyingine, kubwa kuliko hii, na konvata ya kuifuata, na mbio za msimu mzima ujao. Walikuwa na furaha ambayo hakuwa ameiona tangu enzi za mama. Mikanda ikazidi kumbana.

Akaifungua mwenyewe, akatoka, akasimama mbele yao.

“Hiyo kubwa zaidi,” alisema, “nani anaiendesha?”

Wakatazamana. Baba akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Kaka ndiye aliyejikaza kuuliza.

“Wewe unataka nini?”

Alifungua kinywa, akakuta hakina kitu. Miaka mingi alikuwa ameyabeba ya wengine, na sasa lake mwenyewe halikuwa karibu. Aliomba maji kwanza. Kaka akaenda kuyaleta, baba akamsogezea tairi akalie, kisha wote wawili wakasimama wakingoja aongee.