Tulihama na Barua ya Posa Ikiwa Njiani

Kosa langu ni la tarakimu moja. Nilipaswa kuandika kumi na nne, nikaacha kumi na tatu, na kwa ajili ya hiyo moja nusura nikose mke.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro. Chumba cha seva kimepakana na stoo ya sponji, kwa hiyo vumbi ni letu sote, mimi na mashine. Jumamosi ile tulikuwa tunahamisha seva ya barua pepe na seva mbili za majina kwenda mashine mpya zenye anwani mpya za namba. Seva ya majina ni karani wa mapokezi tu: ukimuuliza kampuni fulani inapokelea wapi barua, anakuelekeza. Zetu naziita Mkubwa na Mdogo, na anayeuliza hujibiwa na yeyote kati yao. Ukibadilisha orodha kwa Mkubwa, unaongeza moja kwenye namba ya toleo iliyo juu ya ukurasa. Mdogo hupita kuchungulia namba hiyo tu. Akiikuta imepanda, ananakili orodha yote. Akiikuta ni ileile, anarudi zake kulala.

Siku hiyohiyo nilikuwa nasubiri jibu la posa. Baba wa mchumba wangu alikuwa mkuu wa posta hadi alipostaafu, na mambo ya posa hayajibu kwa simu. Mjomba wangu, msemaji wa familia, alishikilia barua yetu itoke kwenye anwani ya kazini, maana hizi za bure hata mbuzi anaweza kufungua. Mzee akaahidi kujibu Jumamosi saa nne asubuhi, kwa anwani ileile.

"Barua yake isipopokelewa, ndiyo basi," mchumba alinionya. "Kwa baba, asiyepokea barua amekataa mwenyewe."

Saa tatu nikabadilisha orodha. Nikajaribu mezani kwangu, Mkubwa akataja anwani mpya bila kusita. Nikazima seva ya barua ya zamani, nikaichomoa nyaya na kuilaza sakafuni. Kisha nikajipongeza kwa chai, maana mimi sisubiri kusifiwa na mtu.

Saa tano, kimya. Saa saba, kimya. Barua za wengine zilikuwa zinaingia, hata ya mama mmoja aliyelalamikia godoro lililobonyea. Nikampigia mchumba.

"Ametuma saa nne kamili," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

"Basi ni mtandao," nilimjibu, na moyoni nikamkasirikia mzee wa watu kwamba ananidharau.

Saa kumi mlango ukagongwa mara tatu. Alikuwa mzee mwenyewe, amevaa suti ya kijivu, na nyuma yake mchumba wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Saa nne nimekuandikia. Saa nane nikaletewa hii." Akaniwekea karatasi mezani: barua yako haijafika, tutaendelea kujaribu kwa siku tano, huna haja ya kufanya lolote. "Adabu kubwa hii. Miaka thelathini na moja posta, hatukuwahi kumwambia mteja atulie. Ni mashine yako iliyoandika?"

Mchumba, nyuma ya bega la baba yake, aliniashiria kwa kichwa nikubali yaishe. Mimi nikageukia kioo cha kompyuta na, kwa mara ya kwanza siku nzima, nikamuuliza Mdogo. Akanitajia anwani ya zamani. Nikafungua orodha: kumi na tatu.

"Hapana, mzee. Hiyo imetoka kwa mashine za huko kwenu. Sisi hatukujibu kabisa. Nimehama, na mmoja wa makarani wangu sikumpa habari, akawa anaelekeza watu kwenye hii iliyolala sakafuni. Si mtandao. Ni mimi."

Mchumba alifumba macho.

"Najua haikutoka kwako," mzee alisema, akigeuza karatasi iliyojaa majina ya vituo na saa. "Mihuri nimeisoma. Nilitaka kusikia utasemaje. Kila karani aliyenipotezea barua alisingizia mvua."

"Kwani uliandika nini, baba?" mchumba akauliza.

"Barua haisimuliwi. Inapokelewa."

Nikaandika kumi na nne. Mdogo akaamka, akanakili. Tulikaa dakika arobaini, mzee akibonyeza sponji kwa kidole na kuangalia kama inarudi. Kisha barua ikaingia. Nikaifungua.

"Posa yako nimeisoma. Nasikitika kwamba nimeikataa, kwa kuwa sijui wewe ni mtu wa namna gani."

Nilihisi kulia, na sioni aibu kulisema. Mzee alivaa miwani, akaisoma yote juu ya bega langu kama vile hakuiandika yeye.

"Hiyo ni ya saa nne," alisema. "Sasa inakaribia saa kumi na moja. Wewe nijibu kwamba umeipokea. Nikifika nyumbani nitaandika nyingine."

"Itasemaje, mzee?"

"Nimeshakwambia, barua haisimuliwi." Alimshika binti yake mkono, na mlangoni akageuka. "Ila usihame tena kabla haijafika."