Saini ya Kumi na Sita

Simu ililia Alhamisi asubuhi, Futi akiwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta kifuniko cha kalamu. Wenzake wa idara ya mipango miji walimwita Futi kwa sababu hakutoka bila futi ya chuma kiunoni, hata akienda harusini. Aliipokea simu akiwa bado kule chini.

"Mmeingia tatu bora," ilisema sauti ya mama wa mfuko wa maendeleo ya miji. "Miji arobaini na moja imeomba. Kamati inakaa Jumatatu."

Futi aliinuka ghafla, akajigonga utosini kwa meza. Hakusikia hata maumivu.

"Ila faili lenu lina pengo. Tunataka saini za wenye maduka wote wanaopakana na njia. Mna maduka kumi na sita, naona saini kumi na tano. Mwisho kesho, saa kumi jioni."

Hakuhitaji kuuliza ni nani. Wa kumi na sita alikuwa mume wa dada yake.

Kwa miaka mitatu Futi aliupigania mradi ule: njia ya waenda kwa miguu kutoka kituo cha mabasi hadi hospitali, kilomita moja na robo. Watu walipita pale kwa kuruka. Mfuniko wa mtaro umevunjika, ruka. Nguzo ya umeme imesimama katikati, zunguka. Gari limeegeshwa, basi shuka barabarani na umwombe Mungu. Manispaa ilikuwa imekubali kutoa robo ya gharama, robo tatu zilizobaki zitoke kwenye mfuko. Bila saini ile, hapakuwa na mradi.

Alifika dukani akihema. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, na dada yake alikuwa kaunta akipima misumari kwenye mizani.

"Shemeji," mwenye duka alimdaka kabla hajasalimia, "umekuja kununua au kunisumbua?"

"Nimekuja kukuomba. Kwa magoti, ukitaka."

"Magoti yako hayashushi saruji. Lori langu litasimama wapi? Umeniwekea njia mlangoni, mawe ya ukingo, miti. Mifuko mia mbili niilete kwa ungo, kama mchawi?"

"Mjibu, tafadhali," dada yake alisema. "Nyumbani kila tukikaa kula ni lori, lori, lori. Nimechoka."

Futi alikuwa na majibu yote kichwani: usalama, wateja wengi zaidi, mtaa kupendeza. Alikunjua mchoro juu ya kaunta ili amwonyeshe. Kwenye mchoro palikuwa na miti. Palikuwa na mabenchi, na hata mtu mwenye mwavuli. Lori halikuwepo popote. Alihisi masikio yakimuwaka.

"Lori linakuja lini?" aliuliza.

"Leo. Saa tano."

"Basi nangoja. Na wewe utanishikia ncha ya futi."

Lori lilipofika lilipandisha magurudumu mawili juu ya njia, kama kawaida. Futi alilipima urefu, akapima mlango wake wa nyuma ulipofunguliwa, akapima hatua za wapagazi kutoka lorini hadi stoo. Kisha alimvusha shemeji yake hadi upande wa pili wa barabara ili wapime upana. Wakiwa pale, mwanamume mwenye magongo alifika nyuma ya lori, akasimama. Gari la kwanza likapita. La pili. La tisa. Mwishowe alishuka barabarani, akiruka haraka haraka, na basi likampigia honi.

"Huyu hupita hapa kila siku?" shemeji aliuliza.

"Kila siku. Wewe uko ndani, humwoni."

 Shemeji aliiachia ncha ya futi, akauliza, kwa sauti ya mtu wa biashara, "Ule mti wa tatu, lazima uwe pale?"

Futi karibu aruke. "Hapana! Tukiusogeza, na tukikata kidogo kwenye maegesho, lori linapata kituo chake cha kushushia. Njia inabaki wazi nyuma yake."

"Na mteremko mlangoni. Toroli ziingie bila kunyanyuliwa."

"Hata viti vya magurudumu."

"Hata hivyo viti. Lete karatasi." Alichomoa penseli sikioni, akaanza kuchora mwenyewe, vibaya sana.

Kazi ikabaki kwa mhandisi mkuu, mzee asiyependa kufuta. "Mchoro umeshapigwa muhuri," alisema.

"Najua, mzee. Lakini tulilisahau lori."

Mzee aliuinamia mchoro, akavua miwani, akacheka hadi akakohoa. "Mabenchi manane tumeweka, lori hata moja hatuna! Lete rula."

Walichora hadi jioni, na Ijumaa wakaendelea hadi saa nane mchana. Futi alirudi dukani mbio. Shemeji yake alisoma kila mstari taratibu, kama mtu anayenunua mbuzi na kumkagua meno.

"Shemeji, saa!"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Langu linauma sasa hivi!"

Dada yake alimpa mumewe kalamu ya wino na jicho kali. Akatia saini. Faili lilitumwa saa kumi kasoro dakika saba.

Jumatatu mchana simu ililia tena. "Mmepata," mama wa mfuko alisema. "Miji yote mitatu ilichora miti mizuri. Nyinyi peke yenu mlikumbuka kwamba maduka hupokea mizigo."

Futi alipiga vigelegele hadi mhandisi mkuu akaja mbio akidhani kuna moto. Alipoelewa, alimshika mikono wakazunguka ukumbini kama watoto. Na Futi alipompigia dada yake, alimsikia shemeji akiwatangazia wateja dukani, "Tumepata! Tumepata!" Yeye, aliyekataa miezi mitano mizima.

Miezi minane baadaye mita arobaini za kwanza zilikamilika, matofali mapya yakiwa safi mno hata watu waliogopa kuyakanyaga. Waliendelea kupita barabarani kwa mazoea. Futi alisimama katikati ya njia akipunga mikono.

"Jamani, piteni huku! Ni yenu!"

Bibi mmoja mwenye kikapu alisimama, akayatazama matofali, akamtazama Futi.

"Bure?"

"Bure, bibi."

Bibi aliweka mguu mmoja, akaujaribu, akaweka wa pili.

"Basi sogea, mwanangu," alisema. "Umenizibia njia."