Vicheko Kwenye Kichujio

Jumatatu asubuhi, watu walipokwisha kwenda makazini, mshonaji alikuwa ukingoni mwa bwawa la kuogelea akiitoa majini roboti ya kusafishia bwawa. Aliivuta kwa mpini, si kwa waya, maana waya ukivutwa hukatika ndani kwa ndani na lawama anabeba yeye. Akaiacha ichuruzike, akaipindua, akafungua kifuniko. Kazi hii hakuna aliyemtuma. Lakini kichujio kisipooshwa Jumatatu, Jumamosi maji ni ya kijani, na maji yakiwa ya kijani mumewe huinunia nyumba nzima.

Bwawa lenyewe lilichimbwa pale palipokuwa na chumba chake cha kushonea. Mtu asije akadhani alinyang'anywa. Aliombwa, tena kwa upole. "Mama watoto," mumewe alimwambia, "tuvunje hiki kibanda, nami nitakujengea chumba cha maana pale nyuma, chenye dirisha kubwa." Akakubali. Cherehani ikahamia koridoni, ikafunikwa shuka. Wateja wakachoka kupimwa wakiwa wamesimama kati ya choo na jiko, wakatafuta mafundi wengine. Kila alipokumbusha, jibu lilikuwa moja: "Pampu ya bwawa ikikaa sawa tu, tunaanza msingi." Naye akasubiri. Subira yavuta heri, na yeye subira alikuwa nayo ya kuwagawia majirani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua jinsi anavyokitamani chumba hicho: mdogo wake. Mshonaji alimlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, akamshonea sare za shule mpaka gauni la harusi. Alimnong'oneza kwamba asubuhi nyingine huenda nyuma ya nyumba na utepe wake, akapima pale dirisha litakapokaa, na kwamba pazia ameshalishona, liko chini ya godoro.

"Usimwambie mtu," alimsihi.

"Dada jamani! Mimi tena?"

Sasa Jumatatu hiyo roboti ilikuwa imekwama kwenye kona, inakoroma. Alipoifungua, ndani ya kichujio mlikuwa na majani, nywele, mchanga, wadudu waliokufa, kama kawaida. Kwenye feni ya kuvutia maji kulikuwa na vicheko. Vilikuwa vyembamba, vyenye utelezi kama ganda la ndani la kitunguu, vimejisokota vibaya sana. Alijaribu mkasi, vikagoma. Kimoja kikasema "he!" kikanyamaza. Akampigia simu fundi wa mabwawa.

Fundi alikuja na pikipiki, akachuchumaa, akachungulia.

"Vicheko hivi, mama. Mnapokea wageni?"

"Kila Jumapili. Wafanyakazi wenzake baba watoto. Na mdogo wangu."

"Basi ndiyo hivyo. Kicheko kikiisha chenyewe kinapanda juu, kinaenda zake, hakina shida na mtu. Kinachozama ni kile kilichokatwa njiani. Watu wanacheka, mtu anatokea, wanakimeza. Kinadondoka majini, mashine inakizoa."

"Anatokea nani?"

Fundi akaziangalia ndala zake. "Hilo silijui, mama. Mimi ni wa mabwawa." Akamwelekeza namna ya kuvitoa: asikate, ataharibu feni, ashike ncha, avute taratibu, na kicheko kitatoka pamoja na neno lililokianzisha. Alipokuwa akifunga mkoba wa vifaa, mshonaji akamwuliza kuhusu pampu.

"Pampu? Pampu ni nzima tangu ifungwe," fundi akasema, akawasha pikipiki.

Mshonaji akaleta beseni na kigoda. Kufumua ni kazi aliyoizoea. Jumapili yeye huwa jikoni, na kila akitoka na sinia huwakuta wote kimya, wanamtazama kwa upole. Miaka yote aliona ni heshima.

Cha kwanza kilikuwa kinene na kifupi, cha mumewe. Kilipofika mwisho kikatoka na sauti yake: "Bado ananiulizia chumba!" Kilichofuata kilikuwa cha mhasibu wa ofisini kwao: "Wewe mwambie pampu!" Vikaja vingine, chumba na pampu, pampu na chumba. Vilimchoma, lakini alikaza meno akaendelea kuvipanga ndani ya beseni. Cha mwisho kilikuwa kirefu, chenye kwikwi mwishoni. Alikijua kabla hajakigusa. Alikiamsha yeye mwenyewe zamani, kwa kumtekenya mtoto aliyekuwa amegoma kula baada ya mazishi ya mama yao. Akakivuta polepole kuliko vyote.

"Shemeji, hujasikia! Anaenda kupima dirisha! Na pazia kashashona!"

Aliumia. Tusifichane, aliumia vibaya, akalia pale pale kigodani na mpira wa kuoshea kichujio ukimwaga maji miguuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, ila nguo hii alikuwa ameishona kwa mkono wake. Baadaye akafunga maji, akarudisha feni, akaiteremsha roboti bwawani. Ikafanya kazi vizuri.

Jumapili alitoka jikoni na lile beseni. Wakanyamaza, kama ada. Akaliweka mezani katikati ya glasi.

"Hivi ndivyo vilivyoziba feni," alisema.

Mumewe akachungulia. "Kumbe! Mimi nikadhani mota imekufa."

Mhasibu akakitambua chake, akakikung'uta, akakitia mfukoni. Wengine nao wakachambua, huyu akimwambia yule samahani, hicho ni changu. Mdogo wake akachukua kile kirefu, akakikamua maji, akakikunja ndani ya mkoba.

"Ahsante dada. Nilikuwa nakitafuta."

"Nilikwambia usimwambie mtu."

"Jamani, si utani tu? Humu ndani mgeni nani?"

Mshonaji alikuwa na mengi ya kusema. Alitaka kuanza na zile sare, kisha gauni, kisha usiku aliokesha akilipunguza kiuno. Kilichotoka kikawa kingine kabisa.

"Mkicheka, chekeni mpaka mwisho. Mnaniharibia mashine."

"Hapo umesema," mumewe akajibu, akawageukia wageni. "Mmesikia? Mtu asimeze."

Nao ni watu wasikivu. Siku hizi Jumatatu kichujio kinatoka na majani tu, na kazi inaisha mapema. Jumapili anapotoka na sinia hawanyamazi tena. Wanaendelea kucheka mbele yake, wengine wakijifuta machozi, vicheko vikipanda juu ya paa vikienda zao, naye anasimama pembeni na sinia mkononi akingoja wamalize ndipo aweke sahani. Anayechelewa kumaliza ni mdogo wake.