Kisanduku cha Mke wa Seremala

Seremala aliitwa kurekebisha mlango wa maabara uliokuwa ukikwama. Alikuwa amepiga magoti akiupiga randa ukingo wa chini alipomsikia marehemu mke wake, kupitia spika ndogo juu ya meza, akimwambia achomekee shati, mgongo wote uko nje.

Alichomekea. Kisha akauliza wamempata wapi.

Mtafiti, binti mpole mwenye glavu, alimweleza bila kuficha. Ni kipande cha ubongo, chembamba kama karatasi, kinaishi ndani ya maji ya chumvi. Kila seli ina vijilango kwenye ngozi yake. Chumvi ikipita hapo, umeme kidogo hutokea, na spika huugeuza kuwa sauti. Seli nyingine hulia tu kama mafuta kwenye kikaango. Hizi zinaongea.

"Zinatusumbua, baba," binti alisema. "Jana zimetucheka kutwa nzima."

"Ndivyo alivyo," alisema seremala.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe, akalipigilia misumari mwenyewe, na hospitali ilikuwa imemhakikishia kwamba amekabidhiwa mke wake mzima. Akapanda ghorofani kwa mkuu wa kituo kudai kilichobaki, akakizike. Mkuu alimkaribisha kiti, akampa pole ya msiba, akasema kipande kile ni mali ya utafiti. Nani alikitoa? Utaratibu. Nani aliruhusu? Utaratibu huohuo. Wakubwa wana huyo mtu wao, Utaratibu, anafanya kila kitu na hajawahi kukutwa ofisini.

Ila vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba seremala akiwemo chumbani, vijilango hufunguka vizuri zaidi. Mkuu akaagiza atafutiwe kiti, awe anakuja kila Jumatano.

Sasa kila Jumatano hukaa karibu na spika. Mkewe humuuliza kama wajukuu wanakula, kama paa bado linavuja, na kwa nini amekonda hivyo kama msumari. Halafu huuliza lile analouliza kila mara.

"Baba watoto, umekuja kunichukua?"

Mfukoni seremala ana kisanduku alichokitengeneza kwa mbao iliyobaki kwenye jeneza. Ni kidogo kama kiberiti, na kifuniko amekipiga msasa mpaka kinateleza. Hukitoa, akakigonga juu ya meza ili mkewe asikie.

"Nimekuja nacho. Wakubwa bado hawajasema."

"Waambie nasikia baridi. Waambie miguu yangu iko kule, mimi niko hu..."

Hapo binti hudondosha dawa ya kufunga vijilango, maana muda wa kipimo umekwisha. Humwambia pole, baba, na seremala humjibu asante, kwa sababu si yeye Utaratibu.

Hurudisha kisanduku mfukoni, huchomekea shati, hutoka. Mlango huuvuta nyuma yake. Siku hizi unafunga vizuri, hata hausikiki.